Choo cha saiti kikae wapi: getini, karibu na mafundi au juu ghorofani?

Kuna kitu kila aliyewahi kusimamia ujenzi anakijua ila kwenye kikao hakisemwi. Ukikuta chupa za maji zimejazwa kitu cha njano na kufichwa nyuma ya tofali ghorofa ya nne, usiwatukane watu kwamba ni wachafu, choo chako kiko mbali. Mimi nimelijua hilo kwenye saiti moja hapa Dar, jengo la ghorofa saba, vyoo vinne vya plastiki vya kukodi, vizuri kabisa, vimepangwa mstari pale getini kama vibanda vya miamala, na bado kule juu shimo la lifti lilikuwa linanuka mkojo mpaka fundi umeme akagoma kuingia. Na hela ya vyoo tulikuwa tunalipa vizuri tu.

Watu wengi wanauliza "niweke vyoo vingapi", wachache wanauliza "niviweke wapi". La idadi nilimalize haraka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 hapa kwetu inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vinavyofaa. Ukitaka namba za kulinganishia, sheria ya ujenzi ya Marekani inasema watu 20 kushuka chini choo kimoja, ikizidi hapo choo kimoja na sehemu moja ya mkojo kwa kila watu 40, ikifika 200 inakuwa kwa kila 50. Uingereza mwongozo wao kwa vyoo vya kuhamishika ni choo 1 kwa watu 7 kwa wiki ya masaa 40. Tofauti kubwa eh? Mimi nafanya hesabu ya tenki. Tenki la choo cha kawaida ni lita 220 mpaka 260 hivi. Chukua mtu mmoja kwa siku ya kazi anaacha kama lita moja na nusu, ongeza lita mbili za maji ya kuchambia, manake huku kwetu hatuishi kwa karatasi, hiyo ni lita tatu na nusu. Watu 10 ni lita 35 kwa siku, siku 6 ni 210, ongeza lita 20 za dawa ya bluu ya kuanzia, umefika 230. Kwa hiyo watu 10 kwa choo kimoja, gari la kunyonya majitaka lije kila wiki, na Jumamosi usitegemee mtu afurahie. Kampuni ya vyoo ikikuletea hesabu za ulaya za watu wanaotumia karatasi tu waambie warudie.

Sasa wapi. Choo cha saiti kina wateja wawili, na hawataki kitu kimoja. Wa kwanza ni mtu aliyebanwa, huyu anataka choo kiwe hatua tano kutoka alipo. Wa pili ni gari la kunyonya, huyu anataka choo kiwe barabarani kabisa asiingie kwenye matope yako. Ukimsikiliza mmoja tu, aidha watu watakojoa kwenye kona au choo kitajaa na kukaa wiki mbili kimejaa. Kila nitakachosema chini ni namna ya kuwapatanisha hao wawili.

Vitu vya kupimia

Nitapima kila sehemu kwa vitu vitano vilevile.

Mwendo: dakika ngapi mtu anatumia kwenda na kurudi. Watu 30, kila mmoja mara 3 kwa siku, choo kiko mita 100 na njiani kuna kokoto na mbao zenye misumari, weka dakika 5 kwa safari. Ni dakika 450, masaa saba na nusu, yaani unamlipa mtu mmoja siku nzima kwa kutembea tu. Wabishi wanasema mafundi wanaenda chooni kupumzika. Ndio, wapo, ila huyo hata ukimwekea choo mgongoni atapumzika tu.

Gari: gari la kunyonya linafikaje. Hapa cha kuangalia ni mpira, sio gari. Mipira mingi inafika mita 20 mpaka 30, mwulize dreva kabla hujaweka choo, usimwulize bosi wake wa ofisini. Na pampu haivuti kitu kutoka chini sana kwenda juu, kwa fizikia mwisho ni mita 10 na kwa uhalisia ni 6 au 7, kwa hiyo choo kilichoko chini ya shimo la besmenti na gari likiwa juu barabarani ni kesi.

Upepo na maji: harufu inaenda wapi na kikimwagika kinaelekea wapi.

Stara: mtu anaingia na kutoka bila kutazamwa, mwanamke anafunga mlango kwa ndani, taa ipo jioni.

Hela: kukodi ni kilekile popote utakapokiweka, tofauti iko kwenye kuhamisha, kukinyonya na masaa ya kreni.

Kabla sijaingia, upepo niuongelee zaidi kidogo manake nimeona mainjinia wazuri tu wanausahau. Pwani hii tuna upepo wa aina mbili unaotawala mwaka, kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kusi inavuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili au Mei mpaka Oktoba. Angalia vizuri, zote mbili zinasukuma kuelekea magharibi. Kwa hiyo kwa Dar, Tanga au Unguja, choo kikikaa upande wa magharibi wa saiti kinawaachia watu wako hewa safi karibu mwaka mzima. Tatizo linabaki kwa jirani wa magharibi, huyo kamwone kwanza na umsogezee choo mita chache kutoka ukutani kwake. Bara huko Dodoma au Mwanza usikopi hii, simama saiti na leso siku mbili tatu uone.

Na jingine la mwelekeo: Mwislamu akijisaidia haelekei kibla wala hakipi mgongo, na kutoka Dar kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Kwenye hivi vyoo vya plastiki mtu anakaa akiangalia mlango, kwa hiyo mlango ukielekea mashariki au magharibi umemaliza, ukielekea kaskazini au kusini nusu ya mafundi wako watakuwa wanakaa upande upande humo ndani na uchafu unaenda pembeni. Kugeuza choo kitupu ni kazi ya watu wawili watatu, ni kilo 80 mpaka 110. Kikijaa ongeza zaidi ya kilo 200.

Sehemu ya kwanza: vyote getini

Hii ndio mazoea ya wengi.

Mwendo: kwa kiwanja kidogo hakuna shida, nyumba ya kawaida kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30 kila kitu kiko karibu. Kwa saiti ya ekari kadhaa au jengo refu ndio zile chupa nilizosema.

Gari: hapa getini hakuna anayemshinda. Gari linasimama nje, mpira unapita, dakika chache limemaliza, halijakanyaga nondo za mtu wala halijasubiri gari la zege litoke. Msimu wa masika, Machi mpaka Mei, hii peke yake inatosha kukufanya uchague geti.

Upepo na maji: inategemea geti limeangalia wapi, hukuchagua wewe, barabara ndio imechagua. Na getini ndipo mama ntilie anapoweka sufuria zake. Choo na ubwabwa vikikaa ubavu kwa ubavu inzi hawahitaji nauli, na mji huu unakijua kipindupindu. Kimojawapo kihame, na mara nyingi ni rahisi zaidi kumhamishia mama ntilie upande mwingine wa geti, mashariki ya choo, ukamwekea na kivuli cha turubai asione ameonewa. Ndoo ya koki na sabuni iwe kwenye njia ya kutoka chooni, mtu aipite hata asipotaka. Kibuyu chirizi cha dumu kinatosha kabisa kama huna bomba.

Stara: hapa geti linafeli. Bodaboda wapo, madalali wapo, mlinzi na redio yake yupo, wote wanaona nani kaingia na kakaa muda gani. Wanaume hawajali sana. Dada anayebeba maji au anayepiga rangi, huyo anajibana mpaka saa kumi jioni na anakunywa maji kidogo makusudi, kwenye jua la Dar. Geuza milango iangalie ukuta, acha nafasi ya mita moja na nusu kati ya mlango na ukuta, umeshatibu nusu ya tatizo. Faida moja kubwa ya hapa ni mlinzi: usiku hakuna anayeiba koki, kioo wala mfuniko.

Hela: nafuu kuliko zote. Unaweka mara moja, unasahau.

Inamfaa nani: kiwanja kidogo, watu wasiozidi 15 au 20, jengo la chini, au saiti ambayo ndani hakuna njia ngumu ya gari.

Sehemu ya pili: kuvitawanya karibu na kazi

Hapa kila kundi linapata chake, mfano kimoja kwa wasuka nondo, kimoja kwa wajenzi wa ukuta wa uzio, kimoja karakana ya mbao.

Mwendo: nzuri. Ukifika mita 30 safari ni dakika mbili, ile hesabu ya watu 30 inashuka kutoka masaa saba na nusu mpaka masaa matatu. Na la kuongezea, choo kikiwa cha watu wanaojuana kinatunzwa. Choo cha watu 60 ni cha wote, maana yake sio cha mtu. Kikiwa cha wasuka nondo tisa, mmoja akiacha uchafu anajulikana kabla ya chai.

Gari: ndio mtihani. Siku ya kwanza njia ipo, wiki ya tatu njia imejaa mchanga, wiki ya tano pamechimbwa mtaro wa maji ya mvua. Mwaka mmoja wakati wa masika gari la kunyonya lilizama kwenye udongo wa mfinyanzi mita 15 kutoka chooni, tukalivuta kwa greda, dreva akaapa harudi, na kweli hakurudi wiki mbili. Hali ya kile choo siielezei, kuna watu wanasoma hii wakiwa wanakula. Toka siku ile sipangi choo mpaka nimechora kwanza njia ngumu ya gari, ile ileile ya tipa na gari la zege yenye kokoto, halafu vyoo vyote vinakaa ndani ya urefu wa mpira kutoka njia hiyo. Choo kinasogea mita 10 kumfuata gari, mtu anatembea mita 10 zaidi, wote wamepoteza kidogo, hakuna aliyepoteza sana.

Upepo na maji: una uhuru, kwa hiyo huna kisingizio. Kisiwe juu ya mteremko unaoelekea kwenye tenki la maji au kisima, kisiwe kwenye bonde ambalo mvua inakusanyika, kisiwe kimepakana na lundo la mchanga wa plasta. Kiweke juu ya kokoto zilizosawazishwa na kifunge kwa nondo mbili zilizopigiliwa ardhini, kusi ya Julai inaangusha kitupu vizuri tu. Kiwe mbali na ukingo wa shimo lolote, mbali na mahali tipa linarudi nyuma, na kamwe kisiwe chini ya njia ya mzigo wa kreni. Mtu aliyeko ndani hasikii honi wala haoni kinachokuja juu yake.

Stara: bora kama umefikiria, mbaya kama hukufikiria. Choo kilichofichwa nyuma kabisa ya stoo kinaweza kuwa na faragha mchana na kuwa cha kutisha saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo taa. Cha wanawake kiwe chao, kiwe na kufuli, na ufunguo akae nao mmoja wao. Ukikaa kwa foremani ina maana dada wa watu lazima aje aombe ruhusa ya kwenda haja mbele ya wanaume kumi na mbili, na foremani mwenyewe yuko juu ya jukwaa.

Hela: gari linasimama sehemu tatu nne badala ya moja, na baadhi ya kampuni wanakuchaji kuhamisha. Andika kwenye mkataba toka mwanzo kwamba utahamisha mara ngapi. Kihamishwe kikiwa kimenyonywa, na ukigonga mlango kwanza. Nacheka ila sitanii.

Inamfaa nani: saiti pana, shule, maghala, nyumba nyingi za mradi mmoja, kazi yenye makundi yaliyo mbalimbali.

Sehemu ya tatu: kupandisha ghorofani

Hii watu wanaiona ya anasa mpaka wapige hesabu. Jengo likifika ghorofa ya nane, kila ghorofa ni kama mita 3, kushuka na kupanda ngazi zisizo na kingo ni dakika 10 kwa aliye na nguvu. Watu 30 mara 3 mara dakika 10 ni masaa 15. Umelipa watu wawili. Yaani ungekuwa unalipa. Ukweli ni kwamba hawashuki, wanamalizia hukohuko, na wewe mwenye jengo utaupaka rangi huo ukuta.

Mwendo: hakuna cha kushindana nayo. Weka kimoja kila ghorofa tatu hivi, mtu asipande wala kushuka zaidi ya ngazi mbili.

Gari: mpira haufiki, kwa hiyo njia ziko mbili. Ya kwanza, kreni inakishusha, kinanyonywa chini, kinarudi. Kumbuka hapo kinashuka kikiwa kizito na maji yake yanacheza ndani, kifungwe sehemu zake za kunyanyulia na sio kamba kiunoni, na chini pasiwe na mtu. Ya pili naipenda zaidi: sehemu za mkojo huko juu, zimeungwa kwenye bomba la inchi 4 linaloshuka mpaka tenki la chini karibu na njia ya gari. Safari nyingi za fundi wa kiume ni za haja ndogo, ukizitoa hizo kile choo kimoja cha haja kubwa huko juu kinakaa wiki bila wasiwasi. Bomba la majitaka la jengo lenyewe likishapanda na kuunganishwa ndio unaweza kuachana na haya yote.

Upepo na maji: juu upepo ni mwingi, harufu haikai, ila choo kitupu pembeni ya slabu isiyo na ukuta ni kishada. Kifunge kwenye nguzo, kiwe ndani, karibu na ngazi. Kikimwagika kinashuka kwenye ghorofa za chini ambako mtu ameshapiga plasta, kwa hiyo kaa nacho mbali na matundu ya slabu.

Stara: nzuri isiyotarajiwa, manake huko juu hakuna wapita njia. Lakini wanawake wengi wa saiti wanafanya kazi chini, usije ukahesabu cha ghorofa ya sita kuwa ndio chao.

Hela: masaa ya kreni, na kreni ina foleni ya nondo na zege. Asubuhi mapema kabla ya kazi kuanza ndio muda wake. Kama una winchi tu ya ndoo za zege usijaribu kukipandisha nayo, nunua bomba.

Inamfaa nani: kuanzia ghorofa tano kwenda juu, na kazi ya miezi mingi. Chini ya hapo utakuwa unajisumbua.

Kwa hali yako wewe

Kama ni nyumba ya familia, mafundi wanane kumi, choo kimoja getini, mlango uangalie ukuta, mama ntilie asogee. Ukiwa na nafasi, jenga shimo la majitaka la nyumba na choo cha uani mwanzoni badala ya mwishoni, watu watumie hicho, hapo hata kukodi hukodi.

Kama uko Kariakoo na jengo limekula kiwanja chote, ardhi huna, kutawanya huna, kwa hiyo ni vichache mbele kwa kibali cha halmashauri kama vimegusa njia ya waenda kwa miguu, na mkojo juu kwa bomba toka ghorofa ya tatu. Gari la kunyonya lije alfajiri, mchana pale haipiti hata baiskeli.

Kama ni saiti pana ya tambarare, tawanya, ila acha kimoja getini kwa ajili ya madereva wa tipa na wageni, la sivyo wataenda nyuma ya gari lao.

Kama uko bondeni, zile sehemu ambazo maji ya ardhini yako juu juu, kila kitu kikae upande wa juu wa kiwanja hata kama ni mbali na kazi, na kuanzia Machi gari lije mara mbili kwa wiki.

Kama ni jengo refu, changanya: haja kubwa chache juu, mikojo kwa bomba, cha wanawake na cha wageni chini.

Kama ni barabara au bomba la maji linalosogea kila siku, hakuna kati ya hizi tatu, weka choo kwenye trela, kiburuzwe na gari la vifaa, na jioni dreva akivute na kukiacha mahali gari la kunyonya litakapokikuta. Hakikisha tu aliyekivuta asubuhi anajua breki za ghafla zinafanya nini kwa lita 200.

Na mkiwa na majengo mawili kiwanja kimoja, moja liko msingi na jingine liko ghorofa ya sita, pangia kila jengo lake kama saiti mbili. Sisi tulijaribu kuweka katikati yao ili tuonekane tumetenda haki, ikawa mbali kwa wote.